Wapenzi wa Mbio za Magari Wasiikimbie Motokaa ya Umeme

Mpwa wangu ana gereji nje kidogo ya mji wa Kisumu, upande wa Kibos. Si gereji kubwa. Ni paa la mabati, shimo moja la kushukia chini ya gari, na vijana sita waliojifunza kazi kwa kutazama na kukemewa. Hata hivyo, miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi katika sehemu hizi, jina lake linajulikana. Mwenye Subaru inayokohoa humpelekea yeye. Mwenye kutaka gari lake lingurume kiasi cha kuamsha mtaa mzima usiku wa manane, naye pia humpelekea yeye, jambo ambalo nimelilaumu mara nyingi bila mafanikio yoyote.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi hapo nikingoja gari langu lifungwe breki mpya, akaja mtu na Nissan Leaf, motokaa ndogo ya umeme iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika huko. Ilikuwa ikitembea vizuri, ila pumzi yake ilikuwa imepungua. Mwenyewe alieleza kwamba hapo awali aliweza kwenda Ahero na kurudi mara mbili bila wasiwasi, na sasa akifika Ahero mara moja tu huanza kuhesabu kilomita za kurudi kama mgonjwa ahesabuye vidonge vilivyobaki. Vijana wakafunua boneti. Wakaona masanduku ya chuma yaliyofungwa barabara na nyaya nene za rangi ya machungwa. Hapakuwa na plagi ya kufungua, wala kijiti cha kupimia oili, wala mkanda wa kusikiliza unavyolia. Wakatazamana. Mpwa wangu akashusha boneti taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefunika maiti, akamshauri yule bwana ajaribu Nairobi.

Gari lilipoondoka bila kelele, akanigeukia akaniambia, "Mjomba, ile si motokaa. Ile ni simu yenye magurudumu."

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nami sikuweza kulala usiku ule kwa sababu ya sentensi hiyo. Nilijua kwamba mpwa wangu hakusema vile kwa dharau peke yake. Kulikuwa na hofu ndani yake. Ndipo nikaona yafaa nilete mjadala wetu hapa, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao: je, mpenzi wa kweli wa magari ya kasi na ya mashindano auache moto wa petroli, aupokee umeme? Jibu langu ni kwamba aupokee, tena mapema. Lakini sababu zangu sizo zile zinazoandikwa kwenye mabango ya matangazo.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo ugomvi wote huanzia. Wapenzi wa mbio hukwambia kwamba gari lisilonguruma ni kama ngoma isiyopigwa. Mimi nawaelewa. Nilipokuwa kijana, mbio za Safari zilifanyika kila Pasaka, na sisi wengi wa pwani ya Ziwa tulizipata kwa masikio, kupitia redio ya Sauti ya Kenya. Mwaka 1974 na tena 1976 Joginder Singh aliposhinda akiendesha Mitsubishi Lancer, hatukuona tope wala vumbi. Tulisikia mtangazaji akipaaza sauti, na nyuma yake mngurumo ukija, ukipita, ukipotea. Tuliupenda mngurumo kwa kuwa ndio peke yake redio iliyoweza kutuletea. Laiti tungaliyaona magari yenyewe yakivuka mito iliyofurika, yamkini tungalipenda kitu kingine: mkono wa dereva, jicho la msomaji ramani, na fundi aliyelala kifudifudi chini ya gari akibadilisha springi kwa dakika chache.

Aidha, mngurumo si nguvu. Katika fizikia, sauti ya injini ni nishati iliyotoroka. Wakongwe watakumbuka Safari ya mwaka 1993, ambapo kampuni ya Subaru ilileta kigari kiitwacho Vivio, chenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 700, ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alikimbia nacho kwa kasi ya kushangaza kabla ya kuharibikiwa. Patrick Njiru wetu alikuwa na kingine kama hicho, naye akafika mwisho. Hakuna aliyekisifu kigari kile kwa kunguruma. Kilisifiwa kwa sababu kilifika.

Mpwa wangu hutumia methali dhidi yangu: usiache mbachao kwa msala upitao. Anasema petroli ni mbacha wetu, imetufikisha hapa, na umeme ni msala wa wapita njia. Kwa hiyo nikamfungulia kitabu cha historia. Mtu wa kwanza kuendesha gari kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, tarehe 29 Aprili mwaka 1899, karibu na mji wa Paris. Alifikia takribani kilomita 106. Gari lake, lililoundwa kwa umbo la risasi ya bunduki, liliendeshwa kwa mota za umeme na betri. Wakati huo reli ilikuwa bado haijafika Kisumu. Iliufikia ufuo huu Desemba 1901. Kwa hiyo, kama kuna mgeni kati ya hao wawili katika ulimwengu wa kasi, si umeme. Umeme ulikuwa mwenyeji, ukafukuzwa na petroli kwa sababu moja kubwa ambayo nitaieleza hivi punde, kwa kuwa sipendi kuficha hoja ya mpinzani.

Kabla ya hapo, wanafunzi wazingatie jambo moja linaloihusu nchi yetu hasa. Injini ya petroli ni kiumbe kinachopumua. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani moja ya kumi. Injini isiyo na turbo inaanza safari hapa ikiwa imekwisha poteza sehemu hiyo ya nguvu zake, na ikipanda hadi Timboroa inakuwa imepoteza karibu robo. Mpwa wangu alinikumbusha kwa haraka kwamba Subaru zake zina turbo. Ni kweli, na turbo ni nini ila kifaa cha kumsaidia mgonjwa wa pumu? Mota ya umeme haipumui. Mwaka 2018 Mfaransa Romain Dumas aliupanda mlima Pikes Peak, Marekani, ambao kilele chake kinapita mita 4,300, akiwa na gari la umeme la Volkswagen, akamaliza kwa dakika 7 na sekunde 57. Hakuna gari lolote, la umeme au la petroli, lililokuwa limewahi kushuka chini ya dakika nane katika mashindano hayo. Mashabiki wa petroli walisema kwamba mlima ule unaupendelea umeme. Naam, unaupendelea. Nchi yetu nayo, kuanzia Kisumu, Kericho hadi Nakuru, ni milima mitupu.

Kuna pia swali la kuondoka. Injini ya petroli lazima izunguke kwa kasi kubwa ndipo itoe nguvu yake yote, na kwa ajili hiyo tukabuni klachi na giaboksi. Mota ya umeme hutoa msokoto wake mkubwa tangu inapoanza kuzunguka. Anayetaka kuona tofauti na asimame chini ya kilima cha Riat, kwenye barabara ya Kakamega, akatazame bodaboda ya petroli iliyopakia abiria wawili ikijaribu kuondoka baada ya kusimama. Dereva hukanyaga gia, injini hulia, chombo hutetemeka. Pikipiki ya umeme, ambazo zimeanza kuonekana mjini mwetu katika miaka ya karibuni, huondoka kama mtu aliyekumbuka jambo.

Sasa nije kwenye hoja ya mpinzani. Hapa hesabu ni chungu. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takribani kilowati-saa 12. Nissan Leaf ya mwanzo, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na betri hiyo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300. Maana yake ni kwamba kilo mia tatu za betri hubeba nishati iliyo sawa na ya kilo mbili za petroli. Mwanafunzi mwerevu atauliza mbona basi gari hilo hutembea zaidi ya kilomita 100. Hutembea kwa sababu mota hutumia karibu yote inayopewa, kiasi cha sehemu tisa kwa kumi, ilhali injini ya petroli hutupa karibu sehemu tatu kwa nne kupitia joto na moshi. Kwa hiyo, kwa matumizi, betri ile ni kama lita kumi za petroli. Lakini lita kumi zenye uzito wa kilo 300! Hiyo ndiyo sababu umeme ulishindwa zamani, na ndiyo sababu hata leo hakuna gari la umeme ambalo lingeweza kuimaliza Safari ya miaka ya 1970, iliyozidi kilomita 5,000 za tope na vumbi, usiku na mchana. Safari hiyo iliwashinda hata wenye petroli: mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba.

Lakini Safari hiyo haipo tena. Mbio ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, zilirudi zikiwa fupi, na kati ya 2021 na 2025 kilomita za mashindano yenyewe hazikufika 400 katika mwaka wowote. Na ziliwekwa wapi? Naivasha, kando ya Olkaria, mahali ambapo nchi hii imekuwa ikichimba mvuke wa ardhini na kuufanya umeme tangu mwaka 1981. Mvuke huo sasa hutupatia umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote tulicho nacho. Mwaka 2023 na 2024 moja ya njia za mashindano iliitwa kwa jina la mvuke huo. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo magari ya mashindano hupita yakichoma mafuta yaliyovuka bahari, huku mabomba ya nishati ya nchi yenyewe yakifuka moshi mweupe kando ya barabara.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, alinyamaza kidogo, kisha akatoa karata yake kubwa. "Mjomba, wenyewe wamejaribu wakaacha." Alikuwa anasema kweli. Kuanzia mwaka 2022 magari makubwa ya ubingwa wa dunia yalikuwa ya mseto: injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 100. Kalle Rovanperä alishinda Safari ya mwaka huo akiwa na gari la namna hiyo. Ulipofika mwaka 2025 umeme huo ukaondolewa, magari yakarudia petroli peke yake.

Nilikwenda nyumbani nimeshindwa. Lakini nilipoendelea kusoma juu ya jambo hilo ndipo nikakutana na kiini cha makala haya. Kati ya malalamiko yaliyotolewa, mojawapo lilikuwa hili: kifaa kile cha umeme kilikuwa sanduku lililofungwa. Timu zote zilikipata kwa kampuni moja ya Ujerumani, na mafundi wa timu, ambao ni miongoni mwa mafundi stadi kuliko wote duniani, hawakuruhusiwa kukifungua. Kilipopata dosari, kilirudishwa kwa aliyekitengeneza. Fikiria fundi wa Toyota au wa Hyundai, amesimama kwenye vumbi la Naivasha na spana mkononi, amekatazwa kugusa. Nikamkumbuka mpwa wangu akishusha boneti ya ile Leaf.

Basi tatizo si umeme. Tatizo ni kufuli.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa petroli pamoja na wapenzi wa umeme. Hao wa kwanza wanadhani wanapenda moshi na kelele. Hawa wa pili wanadhani tutapenda chochote kilicho safi. Mimi nimewatazama vijana wa Kisumu kwa miaka mingi, nami nasema wanachopenda ni kufungua. Wanapenda gari kwa kuwa ni kitu ambacho mtoto wa maskini anaweza kukivunja Jumamosi, akakiunganisha Jumapili, na Jumatatu kikawaka. Yule Joginder Singh tuliyemsikiliza redioni alizaliwa Kericho mwaka 1932, si mbali na hapa, naye alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Ushindi wake wa kwanza, wa mwaka 1965, aliupata na Volvo ambayo ilikuwa imekwisha kimbizwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Yeye na nduguye Jaswant walilichukua gari hilo lililotumika, wakalishinda nalo kila gari jipya lililotoka Ulaya. Kama lingalikuwa sanduku lililofungwa, sijui tungalikuwa na nani wa kumsikiliza redioni.

Pwani hii ya Ziwa imekwisha kuyaona mabadiliko ya namna hii mara moja. Kwa vizazi kadhaa wavuvi wa omena walitumia karabai usiku ili kuwavuta samaki. Karabai ilikula mafuta ya taa mengi, ilichoma vidole, ililipuka mara mojamoja. Lakini kila mvuvi alijua kuitengeneza, na kila ufuo ulikuwa na fundi wake aliyezibua matundu na kuuza vifuko vya utambi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha nishati ya jua kule Mbita, ambapo mvuvi angekodi taa yenye betri, akaitumia usiku mmoja, na kuirudisha ichajiwe. Leo taa za betri zimetapakaa Ziwani usiku kama mji unaoelea. Ni nafuu, ni salama zaidi, na sitaki hata mtu mmoja arudie karabai. Ila swali langu ni hili: yuko wapi fundi wa karabai? Je, ndiye aliyefundishwa kufungua betri ile? Nionavyo mimi, katika fuo nyingi hakuna aliyemkumbuka. Teknolojia ilikuwa njema, nasi tukaipokea tukiwa wakodishaji.

Hilo ndilo ninalolihofia barabarani. Umeme unakuja, tupende tusipende. Mwaka 2019 serikali ilipunguza kwa nusu ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme, kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, ambayo usiku ni nusu ya ile ya mchana. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari ambayo Japani na Ulaya wananunua leo ndiyo tutakayoletewa kesho. Atakayeyapokea ni nani? Kama wapenzi wa magari, wale wenye mikono isiyotulia, watakuwa wamesusa na kukaa kando wakiisifu Subaru, basi magari hayo yatapokewa na wauzaji peke yao. Muuzaji hana haja ya wewe kulifungua. Haja yake ni ulirudishe kwake. Kila chombo ambacho kimewahi kueleweka Afrika Mashariki kilieleweka kwa sababu alitokea mwendawazimu mmoja aliyekipenda kiasi cha kukiharibu. Wendawazimu hao ndio ninaowaomba wasiukimbie umeme.

Wala sisemi kwamba mambo yote yako sawa. Umeme wetu wenyewe una aibu zake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na haikuwa mara ya mwisho mwaka ule. Hapa Nyakach tuna mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, lakini mto ukipungua wakati wa kiangazi nao umeme hupungua. Tena kuna suala la betri zilizokufa. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliingiwa na sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri za kawaida, kiwanda kilichofungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Betri za Leaf si za risasi, lakini somo la Owino Uhuru ni lile lile: mahali ambapo hakuna ajuaye kilichomo ndani ya betri, sumu huwafikia kwanza wasiokuwa hata na gari.

Kwa walimu wenzangu nina neno la kirafiki. Tumewafundisha watoto kuchora injini yenye mapigo manne hadi wanaichora wakiwa usingizini: kufyonza, kubana, kulipua, kutoa. Mota ya umeme nayo imo katika silabasi, tena tangu zamani. Tunaifundisha kwa sumaku moja, msumari na waya wa shaba uliozungushwa. Tunawafundisha kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming. Wanajibu swali la mtihani, wanapata alama zao, na hawaambiwi kamwe kwamba kile walichokizungusha mezani ndicho kinachoweza kuwapandisha Riat. Nakiri kosa hilo. Nimelifanya mwaka baada ya mwaka.

Basi wiki mbili baada ya kisa cha Leaf, nilirudi gerejini nikiwa na majibu mawili kwa mpwa wangu. La kwanza lilikuwa la mzaha. Nilimwambia, ikiwa ile ni simu yenye magurudumu, nenda mtaa wa Oginga Odinga ukanitafutie simu moja ambayo vijana wetu wameshindwa kuifungua. Simu zimeundwa zisifunguliwe, na kila siku zinafunguliwa hapa mjini kwa bisibisi ndogo na pumzi ya mdomo. Alicheka.

Jibu la pili nilikuwa nimelichora kwenye karatasi. Betri ya ile Leaf si jiwe moja. Ndani yake mna vifurushi 48, na inapochoka, mara nyingi si vyote vinavyochoka pamoja. Kwa kifaa kidogo cha kuchomeka na programu ya simu, fundi anaweza kuona ni vipi vilivyo dhaifu kuliko wenzao, akavitoa, akaweka vingine kutoka kwa gari lililogongwa. Hiyo ni kazi ya gereji. Haihitaji Nairobi. Kinachohitajika ni maarifa na heshima, kwa maana betri ile ina volti zipatazo 360, na volti hizo haziui mara ya pili. Kuna plagi ya usalama ya kung'oa kwanza. Kuna dakika za kungoja baada ya kuing'oa. Kuna glavu maalumu za mpira, ambazo si zile za kuoshea vyombo. Wanafunzi wanaonisoma wasijaribu hata kidogo bila mtu aliyefundishwa. Nyaya zile zimepakwa rangi ya machungwa kwa sababu.

Tulipokuwa tukibishana, akaingia jirani wa gereji, mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisuka upya mota za vinu vya kusagia mahindi zilizoungua. Karakana yake imepakana na ya mpwa wangu, ukuta wa mabati mmoja tu kati yao, na sijawahi kusikia wakizungumza juu ya kazi. Yeye ni mtu wa vinu, huyu ni mtu wa magari. Akauliza tunagombania nini. Nikamwonyesha mchoro wa mota ya gari lile. Akauweka karibu na macho, akaufuatisha kwa kidole chenye kovu, akahesabu: moja, mbili, tatu.

"Fezi tatu," akasema. "Kama ya posho." Akamtazama mpwa wangu kwa mshangao wa dhati. "Hiki ndicho mlichokifukuza?"

Mpwa wangu hakujibu. Jioni ile, lakini, alimpigia simu mwenye Leaf akamwuliza kama alikwisha kwenda Nairobi. Hakuwa amekwenda, alihofia kwamba betri isingemfikisha. Gari litaletwa Jumamosi. Hakuna atakayegusa kitu siku hiyo ya kwanza, tumekubaliana. Itakuwa siku ya kutazama na kueleza tu, na yule mzee wa vinu amesema atafunga karakana yake mapema ili aje. Mpwa wangu ameniagiza nije na chaki. Nilipomkumbusha kwamba gereji haina ubao, alifikiri kidogo, kisha akanionyesha boneti ya Subaru nyeusi iliyokuwa ikingoja turbo tangu Krismasi.